4 kati ya 15

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Tanzania. Kila mhadhiri hugawiwa wanafunzi wa kuwashauri. Wangu ni 38. Kwa muda mrefu nilidhani kazi ya mshauri wa taaluma ni kusaini fomu. Mwanafunzi anakuja, anataka kubadili kozi ya hiari, unasaini, anaondoka. Aliye hatarini humwoni mpaka matokeo ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, yatoke, na hapo ushauri haumsaidii tena. Hapa kwetu aliye chini ya GPA (wastani wa alama) ya 1.8 hapewi hata sapu, yaani mtihani wa marudio. Amedisko, anafungasha.

Mwaka wa kwanza nilipoamua kuwahi, niliharibu. Nilitupia kwenye grupu la WhatsApp la darasa namba za usajili za wote waliopata chini ya 6 kati ya 15 kwenye testi ya kwanza, nikaandika: wafike ofisini kwangu Alhamisi. Sikuandika majina, nikajiona nimewastiri. Kumbe wanajuana kwa namba vizuri tu. Alhamisi sikuona mtu, na wiki iliyofuata wale wale wakaacha hata kuingia kwenye mihadhara.

Siku hizi naita wote 38, wenye A na wenye sifuri, wiki ya sita, testi ikishasahihishwa. Dakika kumi kila mmoja, na karatasi yake namrudishia mkononi. Kwa kuwa wote wanaitwa, anayekuja hana cha kuonea aibu. Inakula wiki nzima, na wenzangu wananiambia najitafutia kazi. Georgia State University, kule Atlanta, tangu 2012 wana mfumo wa kompyuta unaofuatilia viashiria zaidi ya 800 vya kila mwanafunzi kila siku. Mimi nina daftari la kaunta na karatasi za mahudhurio.

Lakini karatasi za mahudhurio zinasema mengi. Kuna kijana mmoja saini zake tatu zilikuwa za mikono mitatu tofauti. Kwenye testi alikuwa na 4.

“Shikamoo madam.”

“Marahaba. Kaa.”

Akakaa ukingoni mwa kiti, begi mapajani. Nikamwuliza masomo yanaendaje. “Yanaenda vizuri.” Swali langu lilistahili jibu hilo. Nikafungua karatasi yake tukaisoma pamoja. Swali la pili lilihusu balbu mbovu, lilitaka uwezekano wa ‘at least three’. Yeye alikuwa amekokotoa ‘at most three’, mstari kwa mstari, bila kosa la hesabu hata moja. Nikamwambia anisomee swali kwa Kiswahili.

“Zisizozidi tatu.”

“Je, ingekuwa zisizopungua tatu?”

Akachukua kalamu yangu, akajumlisha ya sifuri, ya moja na ya mbili, akatoa kwenye moja. Hata dakika mbili hazikuisha. Huyu alisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu akaenda shule ya kata ambako, kwa maneno yake, Kiingereza kilikuwa cha ubaoni tu.

Nikadhani nimemaliza. Alipokuwa anainuka ndipo nikamwuliza jana alikula nini. Akacheka kidogo. “Pasi ndefu, madam.” Yaani aliruka mlo.

Jina lake halikutoka awamu ya kwanza ya mkopo. Wenzake walikuwa wanasaini bumu, 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, yeye anabebana na rafiki yake kwenye kitanda kimoja hosteli na usiku anamenya viazi kwenye banda la chipsi. Anarudi saa saba. Kipindi cha saa moja asubuhi aende vipi? Tulipofuatilia, tatizo likawa cheti cha kifo cha baba yake: alikiambatisha bila kukihakiki RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Akakihakiki, akakata rufaa, mkopo ukatoka kabla ya UE. Mimi nilichofanya ni kumhamishia seminari za jioni na kumwambia kila swali la pasti pepa aliandike kwanza kwa Kiswahili pembeni, ndipo aguse hesabu.

Somo langu alifaulu kwa C. Alipata sapu moja ya somo jingine, akaisafisha Septemba.

Msichana aliyeingia baada yake alikuwa na 11. Daftari safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Foleni ilikuwa ndefu mlangoni, nikampongeza, nikampa dakika tatu. Muhula wa pili jina lake halikuwepo kwenye orodha. Ameahirisha masomo, na barua yake inasema tu “sababu za kifamilia”.

Mwaka huu wenye 11 nao wanapata dakika zao kumi kamili, na swali la chakula nimelileta mwanzo, kabla sijafungua karatasi.