Nilivyofunga kamera ya nyuma isiyo na waya kwenye tela letu la kambi

Tela tunalolivuta nyuma ya Land Cruiser kwa safari za kambi lina chumba cha kulala wapishi na ukuta wa alumini unaolizidi paa la gari kwa urefu, na kwa hiyo kioo cha katikati hakina kazi tena mara tela linapounganishwa. Vioo vya pembeni huonyesha mbavu zake na barabara iliyo kando, lakini mgongoni kwake, ambako mwenye bodaboda hujibanza akisubiri nafasi ya kupita, dereva haoni kitu. Arusha mjini, kuanzia Kilombero hadi Sakina, eneo hilo ni nadra kuwa tupu. Miaka yote nimemtegemea utingo ashuke, asimame nyuma na kugonga bodi kwa kiganja, na bado namtegemea. Ila hawezi kufanya hivyo gari likiwa mwendoni, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kamera.

Nilichagua kamera isiyo na waya kwa sababu waya wa picha ungelazimika kupita kwenye kiungo cha tela, mahali panapojipinda na kupigwa mawe muda wote, na kila tunapoliacha tela kambini tungekuwa na plagi nyingine ya kuchomoa na kulinda dhidi ya vumbi. Hata hivyo, anayetaka kufunga kamera ya namna hii aelewe mapema kwamba kinachosafiri hewani ni picha peke yake. Umeme wa kamera bado unapita kwenye waya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kwenye huo umeme.

Madukani utakutana na aina mbili. Kamera za analogia ni za bei nafuu, lakini picha yake huvurugwa kwa urahisi na vifaa vingine vinavyotumia masafa ya gigahezi 2.4, ikiwemo Wi-Fi ya hoteli unayoegesha mbele yake. Za dijiti mara nyingi hutumia masafa hayohayo, ila kamera na skrini huunganishwa kwanza zikatambuana, na skrini haipokei picha ya gari la jirani. Nilinunua ya dijiti. Niliangalia pia kinga yake dhidi ya vumbi na maji: alama ya IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii kabisa na kwamba kifaa kinastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, wakati IP69K hupimwa kwa maji ya moto ya presha kubwa yanayopigwa kutoka karibu. Sisi tunaosha magari kwa mashine ya presha kila tunaporudi kutoka Serengeti, kwa hiyo nilitafuta yenye alama ya pili.

Soketi ya tela letu ina pini 7, na kwa mpangilio wa kawaida wa soketi hizi za volti 12 pini ya 3 ni hasi, yenye waya mweupe, huku pini ya 5 na ya 7 zikipeleka umeme wa taa za pakingi za kulia na kushoto. Nasema kwa mpangilio wa kawaida kwa sababu tela lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa haliaminiki kwa rangi za waya. Nilimwomba utingo awashe taa moja baada ya nyingine huku mimi nikipima kila pini kwa mita ya umeme na kuiandikia karatasi, kabla ya kukata waya wowote.

Vipimo hivyo vilifichua tatizo ambalo kamera isingelivumilia. Injini ikiwa imewashwa, betri ya gari ilionyesha volti 14, lakini nyuma kabisa ya tela, pale kamera ingekaa, nilipata pungufu ya 11. Taa za tela zilikuwa zikiwaka, japo kwa unyonge ambao tulikuwa tumeuzoea. Nilimwita fundi umeme mmoja wa Unga Limited, kijana makini sana, akachomeka ncha moja ya mita kwenye chanya ya taa na nyingine akaigusisha kwanza kwenye chasisi ya tela, kisha kwenye waya mrefu aliokuwa ameufunga moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Namba ikapanda papo hapo. Akaniambia, "Mzee wangu, umeme unafika vizuri. Haurudi. Ethi yako inapita kwenye grisi ya kiungo."

Alikuwa sahihi. Waya mweupe, yaani hiyo ethi au hasi, ulikuwa umekatika ndani ya plagi, na hasi yote ya tela ilikuwa ikirudi kwenye gari kupitia chuma cha kiungo, ambacho kina grisi, kutu na vumbi. Tulivuta waya mpya wa hasi kutoka pini ya 3 hadi nyuma, tukaukaza kwenye chasisi mahali palipopigwa msasa hadi chuma kikang'aa, kisha tukapaka rangi juu yake ili kutu isirudi. Volti nyuma zikapita 13, na hata taa za breki zikabadilika nguvu. Kama kuna hatua moja ambayo ningemsihi kila mwenye tela aifanye, hata kama hana mpango wa kununua kamera, ni kupima hasi yake.

Chanya ya kamera niliichukua kwenye taa za pakingi. Wapo wanaopendekeza taa ya rivasi, lakini hapo kamera huonyesha wakati wa kurudi nyuma tu, nami nilitaka kuona barabara wakati wote wa safari. Wapo pia wanaoiunga kwenye betri ya friji ya tela. Hiyo ingefanya kazi, ila kamera iliyosahaulika ikiwaka ingeinyonya betri usiku kucha. Kwa njia yangu dereva analazimika kuwasha taa za pakingi mchana, jambo ambalo kwenye vumbi lina faida yake, kwa sababu anayekuja nyuma analiona tela mapema. Niliweka fyuzi ya ampia 3 karibu na mahali nilipochukulia umeme, nikalehemu maungio yote badala ya kuyasokota, na kila tundu la bati ambamo waya unapita nililivika raba ili makali yasiumenye.

Mahali pa kamera nilipatafuta kwa kuijaribu kabla ya kutoboa. Tuliibandika kwa utepe wa gundi juu ya mlango wa nyuma, chini tu ya ukingo wa paa, nikaendesha taratibu kuelekea Njiro na kurudi. Mchana picha ilikuwa safi tulipokwenda moja kwa moja, lakini kila tela lilipokata kona ilikwama. Umbali ulioandikwa kwenye boksi hupimwa kwenye uwanja wazi, ilhali mawimbi haya hayapenyi bati, na mwili mzima wa tela ulikuwa umesimama kati ya antena mbili. Dawa ilikuwa kununua waya wa kurefusha antena, tukaipandisha juu ya paa la tela, na skrini tukaihamisha kutoka chini ya dashibodi hadi pembeni mwa kioo cha mbele. Usiku ukaja na jambo lake: taa za infraredi, yaani za mwanga usioonekana kwa macho, zinazoizunguka lenzi ziligonga ukingo wa paa na kurudi, nusu ya juu ya picha ikawa nyeupe tupu. Tuliishusha kamera sentimita chache na kuiinamisha hadi bampa ya tela ikaonekana chini ya skrini, weupe ukaisha. Ndipo tukatoboa, tukakaza kwa boliti zenye nati za kujifunga na kuziba kwa silikoni.

Mistari ya rangi ya kukadiria umbali inayokuja na skrini haikuwa na maana kwa tela letu, kwa hiyo nilipanga madumu ya maji nyuma yake, moja kila baada ya mita, nikaweka alama kwenye skrini pale kila dumu lilipoonekana. Picha ya dijiti huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo una gharama: ukirudi nyuma kwa kilomita 5 kwa saa na picha ikachelewa sehemu 2 za kumi za sekunde, tela limeshasogea takriban sentimita 28 kabla hujaona. Kwa hiyo dumu la kwanza kwetu ndio mwisho wa kurudi, na baada ya hapo ni sauti ya utingo tu. Vilevile kamera haionyeshi matawi yaliyo juu wala pembe kati ya gari na tela, ambayo ikizidi kona ya tela hugonga gari; vyote hivyo bado vinahitaji vioo vya pembeni na macho ya mtu aliye chini.

Baada ya lami kuishia kwenye lango la Ngorongoro, adui ni vumbi. Upepo hujikunja nyuma ya tela na kulirudisha vumbi kwenye ukuta, na lenzi hufifia muda si mrefu. Nafuta kwa kitambaa laini chenye maji, kamwe si kikavu, kwa sababu chembe hizo hukwaruza. Skrini niliyonunua inapokea hadi kamera 4, na waya wa umeme nilichagua wa milimita za mraba 1.5 nikifikiria ubavu wa kushoto, upande wa watembea kwa miguu. Kamera ya huko ndiyo nitakayoifunga msimu wa mvua, magari yatakapokuwa yamepumzika.