Chai ya Pu'er iliyonishinda miezi mitano

Nilipofungua karatasi ya chai hii ya Kichina, harufu iliyonipokea ilikuwa ya papa mkavu. Si ile kali ya sokoni, ila ile inayobaki kwenye kikapu baada ya papa mwenyewe kuliwa. Nikamwambia mke wangu nimepigwa huko Guangzhou, China, yuani 50 zimekwenda na maji.

Kilichoniudhi ni kwamba chai ya namna hiyohiyo nilikuwa nikiinywa dukani kwa mzee mmoja anayeniuzia vitasa vya milango, na kwake ilikuwa laini kabisa. Kila nikienda kupatana bei lazima aniketishe kwanza, animiminie kwenye vikombe vidogo kama finjani zetu za kahawa. Nyeusi yenye wekundu kwa mbali, haina ule ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea. Nikikaa saa moja nakunywa vikombe kumi na tano bila kuhesabu, na bei ya vitasa nayo inapanda bila kuhesabu.

Basi nikaenda mwenyewe soko la chai la Fangcun, nikanunua mkate mmoja, mpya, wa bei ya chini. Nauita mkate kwa sababu majani hulainishwa kwa mvuke yakashindiliwa mpaka yakawa duara, gramu 357. Nyumbani nikaipika ninavyojua: nikavunja kipande, sufuriani, dakika kumi motoni, maziwa, sukari. Ikatoka kama maji ya mtaro. Watibeti huchemsha chai ya kushindiliwa wakatia siagi na chumvi, lakini yangu hata siagi isingeiokoa.

Safari iliyofuata nikamlalamikia yule mzee. Akacheka. "Rafiki, umeinywa ingali na jasho."

Jasho lenyewe ni hili. Zamani chai ya Pu'er ilikuwa mbichi tu, ikaachwa igeuke yenyewe kwa miaka. Mwaka 1973 kiwanda cha chai cha Kunming, mkoani Yunnan, kikaanza njia ya mkato: majani yaliyoanikwa juani yanarundikwa, yanamwagiwa maji na kufunikwa. Rundo linapata joto, vijidudu vinafanya kazi, na baada ya siku kama 45 hadi 60 yameiva. Aliyewahi kutengeneza mboji hahitaji kuelezwa zaidi. Ile harufu ya papa ni ya rundo, na hutoka polepole. Chai ya mzee ilikuwa na miaka minane. Yangu ndiyo kwanza ilitoka kiwandani.

Akanielekeza niumegue mkate kwa kisu chembamba kutokea ubavuni, tabaka kwa tabaka, nisiukatekate, kisha nitie vipande kwenye mtungi wa udongo nifunike kwa kitambaa. Nikafanya hivyo, ila mtungi nikauweka kabati la jikoni, jirani na iliki na karafuu. Wiki mbili tu nikawa na Pu'er ya pilau! Fungu lile nililinywa hivyohivyo, kwa ukaidi. Nusu iliyobaki nikaihamishia chumbani. Masika yalipoingia kipande kimoja kikaota manyoya ya kijani, nikakitupa, na tangu hapo mvua zikianza nachungulia mtungi kila Ijumaa. Ilipotimiza mwezi wake wa tatu mtungini, papa alikuwa ameondoka.

Siku hizi napima gramu 6 kwa kibakuli chenye mfuniko cha mililita 100, Wachina wanakiita gaiwani. Maji yawe yanatokota kwelikweli, chai hii haiogopi moto. Maji ya kwanza namwaga papo hapo, na kwa chai changa kama yangu namwaga na ya pili. Ya tatu nahesabu mpaka kumi, namimina yote, nisiache hata tone juu ya majani. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea zaidi kuliko penginepo: nilizoea kuacha chai "ikolee", na hii ukiiacha dakika tano unapata wino. Kila mkupuo naongeza sekunde chache, inafika hata mara nane.

Tamu kuliko zote ni ile ninayoinywa ya pili na ya tatu. Napata tende zilizokaa, mbao iliyoloa, na udongo wa mvua ya kwanza. Usitafute manukato ya asumini humo. Na sidanganyi, ni chai ya bei ndogo: ladha inaishia mdomoni, wakati ya mzee huteremka kooni ikakaa. Lakini ya mzee si ya kunywa kila siku kwa mfuko wangu. Sukari sitii, natafuna kashata pembeni, kama kwenye kahawa chungu.

Majani yakishachoka siyatupi. Usiku nayatia kwenye chupa ya chai, najaza maji ya moto na kufunga. Asubuhi yanatoa vikombe vitatu vya mwisho, vyepesi, vinavyopatana na maandazi kuliko nilivyotarajia.