Uduvi wa Antaktika

Siku mbili za Mlango-Bahari wa Drake, kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, nilikanda unga kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania bomba la pembeni mwa jiko. Mimi ni mwokaji mikate, si mtafiti. Tulitoka Ushuaia, Argentina, mwezi wa pili mwaka 2025. Abiria wengi walifuata picha za pengwini. Watafiti walikuwa wachache, wamepewa vyumba vya chini jirani na stoo yangu ya unga, na ndivyo tulivyojuana.

Antaktika niliijua kwa pua kwanza. Hatujatia nanga, harufu ya pengwini imeshafika, kali kama ya dagaa walioanikwa wakanyeshewa. Sisi wa jikoni tuliruhusiwa kushuka mara moja tu. Unasugua viatu vya mpira kwa brashi, unavichovya kwenye dawa, unakaguliwa mifuko usije ukabeba hata mbegu ya nyasi. Chakula hakishuki kabisa. Nilikuwa na tende mbili mfukoni, nikazirudisha. Na pengwini humsogelei chini ya mita 5. Akikusogelea yeye, hiyo shauri yake.

Kilichonishangaza ni kinyesi chao, cha rangi ya waridi. Nikamuuliza mtafiti mmoja, mama wa makamo kutoka Chile. Akasema njoo jioni, utaona wanachokula.

Jioni tulikuwa Ghuba ya Wilhelmina, nyangumi wanapumua huku na huku. Alikuwa amekokota wavu wa matundu madogo nyuma ya boti, na mavuno yake yamo ndooni. Nikachungulia. Uduvi! Mkubwa kuliko wa kwetu, urefu wa kidole cha mwisho, macho meusi kama mbegu za mpapai, miguu inachezacheza bila kupumzika. Mwili unapenya mwanga, ndani tumbo la kijani kwa vijimea alivyokula. Wao humwita krili. Nikamwambia kwetu Pemba huyu angeshaingia kwenye tui la nazi. Alicheka, akaendelea kuwalaza mmoja mmoja kwenye rula na kuandika. Urefu humwambia kama mwaka huo watoto wamepatikana au la, kwa sababu krili wachanga hupitisha majira ya baridi wakila vijimea vinavyoota chini ya barafu ya bahari, na barafu hiyo haitabiriki tena.

Usiku tukapishana na meli ya uvuvi, taa zake kama mtaa mzima. Meli za namna hiyo nyingine hazipandishi hata wavu: bomba linafyonza krili mchana na usiku. Wanasagwa kuwa chakula cha samaki wa kufugwa, mafuta yao yanatiwa kwenye vidonge.

Nilitaka kujua kama kuna kipimo. Kipo. Kamisheni ya nchi zinazosimamia uvuvi wa bahari ya Antaktika, yenye makao Hobart, Australia, imeweka kikomo cha tani 620,000 kwa mwaka katika eneo lile, wakati utafiti wa 2019 ulikadiria krili tani milioni 62. Asilimia moja! Nikamwambia yule mama mtafiti kuwa hilo ni tone tu la bahari.

Hakubishana. Alikuja kwenye meza yangu ya kukandia, akachora Rasi ya Antaktika kwenye unga kwa kidole, imepinda kama mkia wa kamba. Akaugawa unga mafungu manne, kisha akachota fungu moja tu, lile la pwani wanakolisha pengwini na nyangumi. Pakabaki mbao tupu. Zamani kona hiyo ilikuwa na mgao wake, tani 155,000. Kanuni ikaisha muda 2024, na wanachama 27 hawakuafikiana kuihuisha. Pale akikataa mmoja, hakuna uamuzi. Basi tani zote zaweza kuchotwa kona hiyo hiyo.

Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani niliposikia kikomo kimefikiwa kwa mara ya kwanza, msimu umefungwa mapema. Nikamhadithia mama mkubwa, naye anageuza uduvi wake mkekani. Anaujua ufungaji: kwetu mwamba wa pweza hufungwa miezi mitatu wakue.

"Wamefunga ili wadogo wakue," akauliza, "au wamefunga kwa kuwa fungu lao limekwisha?"

"Fungu limekwisha, mama."

Akaguna, akasogeza mkeka kufuata jua.