Chumvi ya Mnunuzi

Msimu wa 2007, stakabadhi ghalani, yaani mkulima kukabidhi mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe, ilipoanza kutumika kwenye korosho za Mtwara, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Chama cha msingi cha ushirika cha kwetu, upande wa Newala, kikaniita niwe mkalimani kwa sababu Kiingereza cha darasani nilikipata vizuri. Cha sarufi, lakini. Sentensi ya kutendwa ningekugeuzia hata usingizini.

Mnunuzi alitoka India, mtu mzima, mpole. Alichota sampuli ya kilo moja, akajipaka mafuta viganjani, maana utomvu wa ganda la korosho unababua ngozi, kisha akaanza kupasua moja moja. Viini vizuri huku, vyenye madoa kule, vilivyooza pembeni. Hakuna aliyezungumza.

Mzee wa ghala akasoma unyevu kutoka daftarini: asilimia 8. Mnunuzi akatabasamu, akasema hiyo ataipokea "with a pinch of salt".

Mzee alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza misheni ya Ndanda. Aliposikia chumvi imetajwa hakunisubiri. "We binti! Lete chumvi na zile zilizokaangwa, mgeni asije akababuka mdomo!"

Mimi macho yangu yalikuwa kwa mnunuzi. Uso ule haukuwa wa mwenye njaa, na mkono ulishaingia mkobani kutafuta kipima unyevu. Kumbe.

"Babu," nikanong'ona, "namba hiyo ana shaka nayo."

"Yaani nimetia chumvi?"

Sikuwa na tafsiri bora kuliko hiyo. Sisi chumvi anaitia msemaji. Kwa Waingereza anajitilia msikilizaji, ndipo maneno yapite kooni. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Pliny, Mroma wa karne ya kwanza, aliandika dawa ya kukinga sumu yenye kokwa kavu za jozi (walnut), tini, majani na punje ya chumvi, na wengi huuanzishia msemo huo hapo. Mzee angeipenda hiyo, hasa habari ya sumu, maana alinuna kweli.

Kipima kikasoma 9 na ushei. Daftari liliandikwa kabla ya mvua za wiki ile, na bado ilikuwa chini ya 10, kwa hiyo mzigo ukapita. Binti akafika na kisahani. Mzee akataka kirudishwe jikoni, lakini mnunuzi alishachukua korosho, akaichovya chumvini na kutafuna.

Mzee akanigeukia. "Unaona? Mimi ndiye niliyemwelewa."