Prosesa kuingia kwenye soketi hakutoshi

Wengi hununua prosesa kwa kuangalia soketi (sehemu inakokaa prosesa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta) peke yake, na hapo ndipo hela inapopotea. Chukua soketi ya LGA1151 ya Intel. Prosesa za kizazi cha 8 hukaa vizuri kabisa kwenye mazabodi zenye chipseti (chipu zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine) za Z170 na Z270, lakini kompyuta haiwaki: kazi za baadhi ya pini zilibadilishwa, na Intel ikataka chipseti za mfululizo wa 300. Hakuna sasisho rasmi la kukuokoa.

Kwa soketi ya AM4 ya AMD kuna nafuu. Mazabodi ya B450 hupokea prosesa ya Ryzen 5 5600, ila BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) ya zamani haiitambui. Feni zitazunguka, skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umeuziwa prosesa mbovu. Kwa hiyo sasisha BIOS kabla hujaitoa prosesa ya zamani: pakua faili la BIOS la modeli kamili ya mazabodi yako, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, sasisha ukiwa ndani ya BIOS, na umeme usikatike katikati.

Kuitoa nako kuna namna yake. Pini 1331 za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe. Tumia kompyuta dakika chache ili pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na kipoozaji ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kipoozaji taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja juu, prosesa inaweza kung'oka nacho hata kama soketi imefungwa, na pini zikapinda.