Monita moja kwa gemu na picha: nilivyoichagua

Nilikuwa natafuta monita moja ifanye kazi mbili: niharirie picha, na kazi ikiisha nichezee gemu. Bajeti yangu ilikuwa ya kati. Ilizidi ile ya monita za ofisini za bei ya chini, lakini haikufika kwenye zile za kitaalamu zinazokuja na kipimio chake cha rangi ndani ya fremu. Wengi niliowauliza walinijibu kwamba mshika mawili moja humponyoka: nunua ya gemu uvumilie rangi, au nunua ya picha uvumilie mwendo.

Kwa monita za zamani ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Paneli, yaani kioo chenyewe kinachotoa picha, zenye kasi zilikuwa za aina ya TN, ambazo rangi hubadilika ukiinua kichwa kidogo tu, na za aina ya IPS zenye rangi nzuri nyingi ziliishia 60 Hz, yaani picha mpya 60 kwa sekunde. Siku hizi IPS za 144 Hz na zaidi zimejaa kwenye bei ya kati. Kazi iliyobaki ni kuitambua ile inayoweza kweli, maana maboksi yote yameandikwa sifa zilezile.

Kabla ya kutazama monita yoyote nilianza na kadi ya grafiki niliyonayo. Skrini ya 4K ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zaidi ya milioni 8.2, na kwa kila fremu ya gemu, yaani kila picha moja, lazima kadi izichore zote. Ile ya 2560 kwa 1440 ina pikseli kama milioni 3.7, chini ya nusu. Kadi yangu ni ya kati kama bajeti yangu, na kwenye 4K ingeniletea fremu chache kiasi kwamba hiyo 144 Hz ingekuwa pambo. Kwa upande wa picha, skrini ya inchi 27 yenye 1440 inatoa pikseli kama 109 kwa kila inchi. Ukichukua inchi 27 hizohizo zenye 1080, unabaki na kama 82, na hapo nyusi na ukingo wa jani huanza kuonekana kama vinukta. Kunoa picha kwenye skrini ya namna hiyo ni kubahatisha. Nikaamua: inchi 27, 1440, 144 Hz au zaidi.

Paneli ilikuwa uamuzi mwepesi kwangu. VA, aina nyingine ya paneli, ina weusi mzuri kuliko IPS, na uwiano wake wa mwanga na giza mara nyingi hufika 3000 kwa 1 huku IPS ya kawaida ikiwa karibu na 1000 kwa 1. Lakini VA hubadilisha kina cha vivuli kadiri jicho linavyosogea pembeni, hata katikati na ukingoni mwa skrini moja. Mtu anayehariri vivuli vya picha hawezi kuishi na hilo. OLED, paneli ambayo kila pikseli hujiwakia yenyewe, niliiweka kando kwa sababu ya bei, na kwa sababu programu za kuhariri picha huacha menyu zilezile mahali palepale saa nyingi, jambo ambalo paneli hizo hazilipendi, maana alama ya menyu inaweza kubaki kwenye skrini. Nikabaki na IPS.

Sasa rangi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Matangazo ya monita za bei ya kati yanajisifu kwa upana wa rangi: asilimia 95 ya DCI-P3 (kipimo cha rangi cha sinema, kipana kuliko sRGB), asilimia 130 ya sRGB, na kadhalika. Asilimia inayozidi 100 huwavutia watu, nami nakuomba uitazame kwa makini. sRGB ni kipimo cha rangi kilichotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na hadi leo picha nyingi za mtandaoni na gemu nyingi zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Programu nzuri ya kuhariri picha inajua skrini yako ina upana gani na hutafsiri rangi ipasavyo. Gemu nyingi hazijui, na skrini ya mwanzo ya kompyuta yenyewe mara nyingi haijui. Zinatuma namba ya wekundu wa sRGB, na monita inaigeuza kuwa wekundu mkali kuliko wote ilio nao. Majani yanang'aa kama plastiki, anga inakuwa buluu isiyokuwepo duniani.

Mahali nilipoliona hili waziwazi ni kwenye ngozi. Nina picha moja ninayoitumia kujaribia skrini: uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi, amepigwa kivulini, mwanga ukimjia upande mmoja. Kwenye paji la uso kuna mng'ao wa buluu kidogo unaotoka angani, na chini ya shavu kuna kahawia inayozama taratibu kuelekea weusi. Picha hiyo ikifunguliwa kwa programu isiyojali rangi kwenye monita yenye upana mkubwa, shavu linageuka rangi ya shaba, ule mng'ao wa buluu unapotea ndani ya wekundu, na mtu anaonekana kama amekaa karibu na moto. Ukihariri kwa kuamini unachokiona, utapunguza wekundu, kisha mteja ataifungua kwenye simu yake na kumwona mtu amepauka kama mgonjwa.

Kwa hiyo sikutafuta monita yenye rangi nyingi zaidi. Nilitafuta yenye kifungio kizuri cha sRGB, yaani ile hali kwenye menyu ya monita inayozibana rangi zirudi kwenye kipimo. Karibu zote zinayo kwa jina. Ubora wake ndio unaotofautiana, na boksi halikuambii. Nikakuta kuna monita ambazo ukiingia kwenye hali hiyo, mstari wa mwangaza unafifia na kuwa kijivu, hauguswi tena. Mwangaza umefungwa pale kiwanda kilipotaka, mara nyingi juu kuliko unavyofaa chumba cha kazi. Nyingine zinafunga hata mpangilio wa kasi ya pikseli, kwa hiyo ukitaka rangi sahihi unacheza gemu ambayo vitu vinavyotembea vinaacha mikia ya ukungu. Niliziondoa zote za namna hiyo kwenye orodha, hata zile zilizosifiwa sana kwa mengine. Njia niliyotumia ni kushusha kitabu cha maelekezo cha kila mfano, kusoma sehemu ya menyu, na kusoma vipimo vya wapimaji huru wanaoonyesha monita ilivyo ndani ya hali hiyo hasa. Vitabu vya maelekezo vinasema ukweli mwingi ambao matangazo huuruka.

Kipimo kingine nilichokifuata ni Delta E, namba inayoonyesha rangi iliyotoka iko mbali kiasi gani na iliyotakiwa. Wastani ukiwa chini ya 2, jicho la kawaida hupata shida kuiona tofauti. Nilihesabu ile tu iliyopimwa na watu huru.

Upande wa mwendo una mtego wake, nao ni ile "1 ms" iliyoandikwa kila mahali, yaani milisekunde moja ya pikseli kubadilika rangi. Kwa 144 Hz, fremu moja inakaa kwenye skrini karibu milisekunde 7. Pikseli zikimaliza kubadilika ndani ya muda huo, mwendo unaonekana safi. Ili kufikia hiyo 1 ms, monita nyingi zinasukuma pikseli kwa nguvu kupita kiasi, nazo zinapitiliza rangi iliyotakiwa kabla ya kurudi. Unachokiona ni ukingo wa mwanga unaofuata kitu kinachotembea. Kwenye monita niliyoichukua mwishowe, ngazi ya juu kabisa ya mpangilio huo haifai: nikigeuza kamera ya gemu haraka kwenye msitu, kila shina la mti linavaa mstari mweupe pembeni. Ngazi ya katikati haina mstari huo, na ukungu uliobaki ni mdogo sana. Ukisoma uchambuzi, tafuta ngazi ya katikati inafanyaje kazi, tena si kwa 144 Hz peke yake. Gemu ikishuka hadi fremu 70 na monita ikapunguza mwendo kuifuata, msukumo uliopangwa kwa 144 unaweza kuwa mkubwa mno.

Huko kufuatana kwenyewe, kwa jina la FreeSync au G-Sync Compatible, nilikuchukulia kama sharti. Kadi ya kati haiwezi kushikilia fremu 144 muda wote, na bila mfumo huo picha hukatika vipande viwili katikati ya skrini.

HDR, ule uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, niliipita bila kusimama. Alama ya DisplayHDR 400 hailazimishi monita kuzima taa za sehemu yenye giza huku ikiwasha za sehemu yenye mwanga. Kwenye IPS ya kawaida unachopata ni skrini yote kung'aa zaidi. Sikuiongezea senti.

Monita ilipofika niliipa ukaguzi kamili muda wa kuirudisha ukiwa bado upo, na nakusihi usilikose hili hata kama umechoka. Nilifungua picha nyeusi tupu chumba kikiwa na giza, nikatazama pembe zote nne kama kuna mwanga unaovuja. IPS ina ule mng'ao wake wa kijivu unaohamahama ukisogeza kichwa, huo ni wa kawaida. Doa la njano lililoganda ukingoni hata ukisogea, hilo ni kasoro. Kisha nyeupe tupu, nyekundu, kijani na buluu, kutafuta pikseli zilizokufa. Mwisho kijivu tupu, kipimo kigumu kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoonyesha kama upande mmoja umeegemea waridi na mwingine kijani. Yangu ilikuwa na giza kidogo upande wa chini kulia, kiasi ambacho nisingekiona kwenye picha halisi. Nikaibakiza.

Kebo nilitumia ya DisplayPort, kwa kuwa HDMI za matoleo ya zamani hazifiki 144 Hz kwa 1440. Na kumbuka kuingia kwenye mipangilio ya skrini ya kompyuta uichague hiyo 144 mwenyewe. Mara nyingi kompyuta huanza na 60, na kuna watu wanaokaa na monita ya kasi miezi bila kuonja kasi hiyo.

Kusawazisha rangi nilisaidiwa na rafiki mpiga picha aliyeniazima kipimio chake. "Iache iwake nusu saa kwanza ndugu yangu," aliniambia, "ikiwa baridi itakudanganya." Kipimio kinaning'inizwa mbele ya kioo, programu inapitisha rangi moja baada ya nyingine, na mwisho inatunga wasifu wa rangi wa skrini yako. Malengo tuliyoweka ni ya kawaida kwa kazi hii: nyeupe ya kelvini 6500, gama (jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe) ya 2.2, na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba. Mwangaza ndio ulionishangaza. Monita ilitoka kiwandani ikiwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Skrini yenye mwanga mkali hivyo inakufanya uzipunguzie picha mwanga ili zikae sawa machoni, na zikichapwa zinatoka nyeusi, kisha lawama inakwenda kwa mchapaji. Tuliposhusha, dakika za mwanzo niliona kama skrini imefifia. Baada ya muda mfupi macho yalizoea, na vivuli vya ile picha yangu ya jaribio vilionyesha hatua ambazo hapo awali zilikuwa zimemezwa na mwanga.

Wasifu huo unafanya kazi kwa mpangilio uliopimwa tu. Ukigusa mwangaza au ukibadilisha hali ya rangi, namba zote zinakuwa za skrini nyingine. Ndiyo maana niliigawa monita yangu sehemu mbili kwa kutumia nafasi za kuhifadhi zilizo kwenye menyu yake. Ya kwanza ni ya picha: upana wote wa rangi, mwangaza 120, na wasifu ukiwa kazini. Ya pili ni ya gemu: sRGB imefungwa, mwangaza umepandishwa kidogo, ngazi ya kati ya kasi ya pikseli, FreeSync ikiwa imewashwa. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni kitufe kimoja nyuma ya fremu. Nikirudi kwenye picha sirekebishi chochote kwa jicho.

Udhaifu ninaoishi nao ni ule wa IPS. Kwenye gemu za mapango na usiku, weusi wake ni wa kijivu, na pembe za chini zinang'aa taa ya chumba ikiwa imezimwa. Nimeweka taa hafifu nyeupe ukutani nyuma ya monita, na tatizo limepungua sana. Kama unacheza zaidi gemu za giza, na picha unahariri mara chache za familia, ningekuelekeza kwenye VA nzuri bila kusita, ila soma kwanza inavyobadilika kutoka weusi kwenda kijivu, kwa sababu hapo ndipo nyingi za bei ya kati zinapoacha mkia mrefu.