Mzee wa tanuri la chokaa

Mtungi wa oksijeni uliisha saa tano asubuhi, mjomba akiwa katikati ya kukata chasisi. Akafunga koki, akaugonga kwa spana. Ukalia mtupu.

"Hewa imejaa Ngamiani nzima," akanung'unika, "na bado tunainunua kwa mtungi!"

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili wa kemia, mdomo unaniwasha. Nikamwambia yapo madini ya kauri ambayo yakipata moto hufyonza oksijeni peke yake, ile asilimia 21 ya hewa, nitrojeni yakaiacha ipite. Zile mashine za oksijeni za hospitali hushika nitrojeni, kwa hiyo argoni, gesi nyingine iliyomo hewani, hupenya pamoja na oksijeni na usafi hauvuki sana asilimia 95. Kauri haina shida hiyo. Nikaongeza habari ya ndugu wawili Wafaransa, akina Brin, waliofungua kampuni London mwaka 1886: oksidi ya bariamu kwenye nyuzi 500 hivi inameza oksijeni, ukizidisha moto inaitema.

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja akisubiri toroli lake lichomelewe. Alikuwa mchoma chokaa, nyusi zote nyeupe kwa vumbi.

"Hiyo bariamu yako, mwanangu, ina udugu na chokaa?"

"Ndiyo, mzee. Ukoo mmoja kabisa."

"Basi itakufa." Akakwangua ukuta kwa ukucha, chembe zikamwangukia gotini. "Chokaa ukishaichoma, ukaiacha wazi, hewa inaila. Inarudi jiwe."

Sikuwa na la kujibu. Mjomba naye akauliza kuni za nyuzi 500 ananunua nani, kisha akanituma kutafuta bajaji ya kupeleka mtungi.

Chuoni nilikwenda moja kwa moja maktaba. Kumbe kabla ya akina Brin, mkemia Boussingault alikwama pale pale aliposema mzee: unga wake wa bariamu ulichoka baada ya mizunguko michache. Dawa ikawa kuisafisha hewa kwanza, kuitoa unyevu na hewa ya ukaa.

Likizo iliyofuata nilimkuta mzee akipanga matumbawe juu ya magogo. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikakiri alinishinda.

"Na hiyo hewa waliisafisha kwa nini?"

"Kwa chokaa, mzee."

Alicheka mpaka akaketi chini.